Ukiwa na bunduki dukani, fikiria kwanza aliyelala nyuma ya ukuta

NA MWANDISHI WETU

IKIFIKA saa tatu usiku, maduka mengi ya Namanga, Sirari, Mutukula na Tunduma huwa yameshafungwa. Lakini kufunga duka si kuondoka. Katika miji ya mpakani ni jambo la kawaida duka kuwa mbele na chumba cha kulala kuwa nyuma, stoo ya mahindi au vitenge ikiwa katikati, na ukuta mmoja ukitenganisha familia ya huyu na ya jirani yake. Mauzo ya siku, fedha za nchi mbili na pengine dola kidogo, nayo hulala humo humo hadi benki zifunguliwe.

Ndiyo sababu baadhi ya wafanyabiashara huomba leseni ya kumiliki silaha, na mojawapo ya silaha zinazotajwa sana ni bunduki ya marisau, ile ambayo wengi huiita shotigani. Safari ya leseni huchukua muda: fomu, mahojiano, polisi na kusubiri. Bunduki yenyewe huchaguliwa kwa makini, hulinganishwa bei na hujadiliwa na marafiki.

Risasi, kinyume chake, hununuliwa kama kiberiti. Mnunuzi anasema anataka boksi moja, muuzaji anatoa lililopo, biashara imekwisha.

Hata hivyo, boksi hilo ndilo linaloamua mambo mazito zaidi: iwapo jambazi aliyevunja mlango atazuiwa, na iwapo kilichompita au kumkosa kitaishia ukutani au kwenye kitanda cha mtoto wa jirani.

Geji ya bunduki ni kama geji ya bati

Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi hahitaji kufundishwa sana kuhusu geji. Anajua kwamba bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Namba ikipanda, unene unashuka. Kwenye bunduki ya marisau ni hivyo hivyo. Mtutu wa geji 12 una upana wa takriban milimita 18.5, na wa geji 20 una takriban milimita 15.6.

Namba hizo zina historia yake. Geji 12 maana yake ni kwamba ratili moja ya risasi (ile metali) ikigawanywa katika mipira 12 iliyo sawa, mpira mmoja unaenea kwenye mtutu huo. Ikigawanywa mara 20, mipira ni midogo zaidi na mtutu ni mwembamba zaidi.

Geji 12 ndiyo iliyoenea na ndiyo yenye risasi za aina nyingi. Geji 20 hupiga bega kwa nguvu kidogo kulingana na risasi inayotumika, jambo linalomfaa mtu mwenye umbo dogo. Kwa umbali wa ndani ya duka, geji zote mbili zina nguvu ya kutosha. Kinachotofautisha matokeo ni kilichomo ndani ya ganda.

Familia tatu ndani ya ganda moja

Risasi za shotigani ziko katika familia tatu. Ya kwanza ni ya marisau madogo, yaliyotengenezwa kwa ajili ya ndege na wanyama wadogo. Ganda moja hubeba mamia ya chembe hizo. Ya pili ni ya marisau makubwa, ambayo kwa ukubwa hukaribia gololi ndogo, na ganda moja hubeba chache tu. Ya tatu ni risasi ya kipande kimoja, donge zima ambalo kwa geji 12 mara nyingi huwa na uzito wa gramu 28 hivi.

Mkanganyiko huanzia kwenye majina. Risasi zinazouzwa duniani hutumia mifumo tofauti ya kutaja ukubwa. Ule wa Uingereza hutumia herufi: LG ni chembe ya milimita 9.1, SG ni 8.4, SSG ni 6.8, AAA ni 5.2 na BB ni 4.1. Ule wa Marekani hutumia sifuri na namba: sifuri mbili ni milimita 8.4, namba 1 ya marisau makubwa ni 7.6, na namba 4 ya marisau makubwa ni 6.1.

Mtego uko hapa. BB ya Marekani ni milimita 4.6, si 4.1. Na namba 4 ya Marekani inaweza kuwa marisau makubwa ya milimita 6.1 au marisau ya ndege ya milimita 3.3, kutegemea kilichoandikwa pembeni ya namba hiyo. Mtu anayeomba “namba nne” bila kufafanua anaweza kurudi nyumbani na kitu kingine kabisa. Ushauri ni rahisi: usinunue kwa jina, soma milimita kwenye boksi.

Kipi kinazuia, kipi hakizuii

Nchini Marekani, baada ya mapambano ya Miami ya Aprili 11, 1986 ambamo maofisa wawili wa FBI waliuawa, shirika hilo lilianza kupima risasi kwa utaratibu maalumu. Risasi hufyatuliwa kwenye jelatini inayofanana na nyama ya mwili, kisha kina hupimwa. Kiwango kinachotakiwa ni kati ya inchi 12 na 18, yaani sentimita 30 hadi 45. Pungufu ya hapo, risasi inaweza isimzuie mtu mwenye nguo nzito au aliyesimama kiubavu. Zaidi ya hapo, inaweza kutokea upande wa pili na kuendelea na safari.

Kwa kipimo hicho, marisau madogo ya ndege hushindwa. Mengi hayavuki sentimita 15. Hii haina maana kwamba ni ya kutishia tu. Kwa umbali wa mita mbili au tatu, chembe hizo bado hazijaachana. Hufika zikiwa fundo moja, huchimba jeraha baya, na zinaweza kuua. Mtu anayeziweka kwenye bunduki akidhani zitamkwaruza tu mwizi anajidanganya, na anayezitegemea zimsimamishe jambazi aliye upande wa pili wa stoo naye anaweza kujidanganya.

Risasi ya kipande kimoja iko upande wa pili wa mizani. Hupenya kupita kiasi kinachohitajika ndani ya nyumba. Ni risasi ya mnyama mkubwa na ya eneo la wazi. Kwenye mtaa wa maduka yaliyobanana, haina mahali pake.

Yanabaki marisau makubwa. Ukubwa wa milimita 8.4, yaani SG au sifuri mbili, ndio uliotumiwa sana na polisi katika nchi nyingi. Ganda la kawaida la geji 12 la aina ya Marekani hubeba chembe nane au tisa. Lakini chembe hizo zina nguvu ya kubaki nayo hata baada ya kupita vizuizi vyepesi. Kwa sababu hiyo wapo wanaopendelea ukubwa wa chini kidogo, kati ya milimita 6 na 7.6, ambapo chembe ni nyingi zaidi na kila moja ni nyepesi. Ganda la namba 4 ya marisau makubwa, kwa mfano, hubeba chembe zipatazo 27.

Kwa mtu anayelinda familia ndani ya chumba, eneo hilo la kati ndilo la kuanzia kutafuta. Zipo pia risasi zilizopunguzwa nguvu, zinazopiga bega kwa upole na kumwezesha mtumiaji kuidhibiti bunduki. Tahadhari yake ni moja: baadhi ya bunduki zinazojipakia zenyewe hukwama zikipewa risasi dhaifu.

Risasi za mpira nazo hutajwa kama njia ya huruma. Zimetengenezwa kwa matumizi ya mbali, na watengenezaji hutaja umbali wa chini unaoruhusiwa. Ndani ya duka la mita nne, mtu tayari yuko karibu kuliko umbali huo, na risasi ya mpira inaweza kumtoboa jicho au kumuua.

“Haihitaji kulenga”

Kauli inayorudiwa sana kuhusu shotigani ni kwamba haihitaji kulenga, kwa kuwa marisau hutawanyika na kujaza mlango mzima. Sivyo.

Kwa mtutu usiobanwa mdomoni, kanuni ya makadirio ni kwamba marisau makubwa hutanuka kwa sentimita mbili na nusu hadi tatu kwa kila mita moja. Kwa mita nne, ambazo ndizo umbali wa kutoka kaunta hadi mlangoni katika maduka mengi, fungu lote lina upana wa sentimita kumi hivi, sawa na kiganja. Risasi za kisasa zenye kikombe cha plastiki ndani hutawanyika kidogo zaidi ya hapo. Asiyelenga atakosa, na chembe zote tisa zitaenda zisikokusudiwa.

Kwa umbali mrefu hali hugeuka. Kwa mita 20, fungu limefikia nusu mita au zaidi, na baadhi ya chembe zitampita hata mtu aliyelengwa vizuri. Barabarani au sokoni, kila chembe iliyopita ni mali ya aliyefyatua.

Kujua bunduki yako inafanyaje hakuhitaji kukisia. Pima kwa futi umbali mrefu zaidi ndani ya duka lako. Nenda kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, chini ya msimamizi, uweke boksi la kadibodi kwa umbali huo huo, na ufyatue risasi ile ile unayokusudia kuiweka nyumbani. Bunduki mbili za chapa moja zinaweza kutawanya risasi moja kwa namna tofauti.

Bati halijui jirani

Hapa ndipo penye ukweli usiopendeza. Hakuna risasi yenye uwezo wa kumzuia jambazi lakini ikasimama kwenye bati. Kinachoweza kupenya sentimita 30 za mwili hakisumbuliwi na bati la geji 30, ambalo unene wake ni kama theluthi moja ya milimita. Mbao nyembamba, plaiwudi, dari na milango ya kawaida havizuii marisau makubwa. Ukuta wa tofali za saruji hutoa kinga kubwa zaidi, lakini dirisha na tundu la hewa kwenye ukuta huo huo havitoi.

Kwa hiyo kuchagua risasi hakuanzii kwa muuzaji. Kunaanzia nyumbani, mchana, mtu akiwa amesimama mahali ambapo angesimama usiku. Mbele yake kuna nini? Nyuma ya mlango ule anapolala nani? Upande gani una tofali na upande gani una bati? Wapi pangefaa kusimama ili kilichopita kiishie kwenye ukuta mzito badala ya chumba cha mpangaji?

Majibu yanaweza kubadili mpangilio wa duka. Kitanda cha watoto kinaweza kuhamishwa kisiwe kwenye mstari wa mlango. Magunia yaliyojaa yanaweza kupangwa tabaka kadhaa upande wa ukuta wa bati. Na wakati mwingine jibu ni kwamba, katika nyumba ile, hakuna upande salama wa kufyatulia, na fedha za bunduki zingefaa zaidi kununua mlango wa chuma, taa na king’ora, au kulipia utaratibu wa kupeleka mauzo benki kila jioni. Malipo kwa simu nayo yamepunguza sababu ya kulala na noti nyingi chini ya godoro.

Risasi ya kuonya ina hesabu hiyo hiyo. Inayofyatuliwa juu ndani ya duka hutoboa paa, na inayofyatuliwa nje lazima ishuke mahali fulani.

Makosa yanayopasua mtutu

Ukubwa wa marisau si kitu pekee cha kusoma kwenye boksi. Pembeni ya mtutu huandikwa geji na urefu wa chemba, kwa mfano 12-70 au 12-76. Chemba ya milimita 70 haitakiwi kupewa risasi ya milimita 76. Jambo linalowapoteza wengi ni kwamba risasi ndefu huingia bila kugoma. Urefu unaotajwa ni wa ganda lililokwisha kufyatuliwa na kufunguka mdomo. Kabla ya hapo ganda ni fupi. Likifyatuliwa ndani ya chemba fupi, mdomo hauna nafasi ya kufunguka vizuri, na mgandamizo hupanda kwa hatari. Baadhi ya bunduki za zamani za Uingereza, zile zinazorithiwa kutoka kwa babu, zina chemba ya milimita 65. Hizo zipelekwe kwanza kwa fundi wa silaha anayetambuliwa.

Hatari nyingine ni kuchanganya geji 12 na 20 katika droo moja. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye bunduki ya geji 12 huteleza na kukwama mbele ya chemba, mahali isipoonekana. Mtu hudhani bunduki ni tupu, huongeza ya geji 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu hupasuka mkononi mwake. Ni kwa sababu hiyo watengenezaji wengi huzitia risasi za geji 20 rangi ya njano.

Kufungua ganda ili kubadilisha kilichomo nako kuachwe kabisa. Risasi ya kiwandani imepimwa kwa uzito na mgandamizo. Iliyochezewa haina kipimo chochote.

Utunzaji hauna siri. Risasi zikae kwenye boksi lake, mahali pakavu, chini ya kufuli, mbali na watoto. Hali ya hewa ya pwani na ya kandokando ya ziwa huleta kutu kwenye kitako cha shaba. Risasi yenye ukoko wa kijani au ganda lililovimba isitumike. Zisipakwe mafuta, kwa kuwa yanaweza kupenya hadi kwenye kiwashio. Na zisiachwe miezi mingi zimebanwa na springi ndani ya bunduki, kwani ganda la plastiki huharibika umbo na kukwama siku inapohitajika.

Mlinzi wako amebeba nini?

Wafanyabiashara wengi hawamiliki bunduki lakini hulipia aliyebeba. Tanzania na Uganda, walinzi wa kampuni binafsi wenye bunduki ni sura ya kawaida kwenye maghala na maduka ya jumla. Kenya, walinzi wa kampuni kwa kawaida hawabebi bunduki, na anayetaka ulinzi wa silaha hugeukia polisi.

Anayekodi mlinzi mwenye silaha ana haki ya kuuliza kabla ya kusaini mkataba: ni bunduki gani, ina risasi za ukubwa gani, zilinunuliwa lini, na mlinzi alifyatua lini mara ya mwisho kwenye mazoezi. Ghala lenye ukuta wa mabati linalopakana na nyumba za watu halistahili mlinzi mwenye risasi za kipande kimoja.

Sheria itauliza kiasi cha nguvu

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inatambua haki ya mtu kujihami, kuwalinda wengine na kulinda mali. Lakini anayetumia nguvu kupita kiasi huwajibika kwa kosa linalotokana na nguvu hiyo. Kwa Kenya, kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinalielekeza suala hilo kwenye misingi ya sheria ya mazoea ya Uingereza, ambayo nayo hutazama kama nguvu ilikuwa ya lazima na ya kadiri.

Kwa lugha ya dukani: aliyevunja mlango na kuja na panga ni jambo moja, anayekimbia na katoni ya sabuni ni jambo jingine. Aliyempiga wa pili mgongoni ataona ugumu kusema alikuwa anajihami, na haitamsaidia kudai kwamba alitumia marisau madogo.

Risasi haivuki mpaka

Kwa msomaji anayevuka mpaka mara tatu kwa wiki, jambo la mwisho ndilo linaloweza kumgharimu haraka zaidi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, imefungua njia kwa watu, bidhaa, huduma, kazi na mitaji. Leseni ya silaha haimo katika mizigo hiyo. Inayotolewa Tanzania chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haimpi mtu ruhusa upande wa Kenya, ambako Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ina masharti yake, na cheti chake hutaja hata idadi ya risasi anazoruhusiwa mmiliki.

Upande wa forodha, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaweka silaha na risasi za Sura ya 93 ya orodha ya ushuru katika kundi la bidhaa zinazodhibitiwa. Haziingizwi bila kibali. Juu ya hayo, nchi za eneo hili zilisaini Itifaki ya Nairobi Aprili 21, 2004 ili kukabiliana na kuenea kwa silaha ndogo, na kituo cha kuratibu kazi hiyo, RECSA, kiko Nairobi.

Ofisa wa forodha anayekuta risasi moja kwenye mfuko wa koti haoni mtu aliyesahau. Anaona risasi isiyo na kibali. Bei nafuu upande wa pili nayo si sababu ya kurudi na boksi chini ya kiti cha gari. Mwenye haja halali ya kusafiri na silaha hutafuta vibali vya nchi zote mbili kabla ya safari, si akiwa kwenye foleni ya dirishani.

Kabla ya kupakia mzigo wa alfajiri, basi, kuna kazi ya dakika tano: hesabu risasi, zifunge kwa kufuli, kisha kagua mifuko ya koti, begi la fedha na droo ya gari. Idadi ikiwa pungufu, usiondoke mpaka umeipata iliyobaki.